Chumvi kwenye ndoo: kisa cha bustani ya kibaraza, ghorofa ya tatu, Dodoma

Mhusika na mahali

Mhusika wa kisa hiki nitamwita Bi. Z. Ni mtumishi wa umma, mzaliwa wa pwani, aliyehamia Dodoma pamoja na ofisi yake katika wimbi la kuhama lililoanza 2016. Anaishi na binti wa dada yake anayesoma chuo, na huyo binti ndiye hasa mmwagiliaji wa bustani. Jengo, mtaa na mambo ya kifamilia nimeyaacha au kuyabadilisha ili wasitambulike.

Kibaraza chao kiko ghorofa ya tatu na kinatazama mashariki. Kina urefu wa mita nne hivi, upana wa mita moja na nusu, na reli ya nondo upande wa nje. Jua hukipata tangu asubuhi hadi karibu saa sita mchana, na kwa mboga nyingi hilo linatosha. Wenye vibaraza vya kaskazini au kusini hesabu yao ni nyingine. Dodoma iko nyuzi sita hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la saa sita mchana huwa upande wa kaskazini kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, halafu huhamia kusini hadi Machi tena. Kibaraza cha kaskazini kinachowaka jua mwezi wa saba kinaweza kuwa kivuli kitupu mwezi wa kwanza. Bi. Z hakuwa na tatizo hilo.

Alichokuwa nacho ni upepo. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo mkavu wa kutoka mashariki na kusini-mashariki huvuma Dodoma karibu kila siku, na kibaraza chake kilikuwa kinaupokea uso kwa uso. Mvua nayo ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili mwanzoni, wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Kwa aliyekulia pwani, ambako unyevu uko hewani hata kama mvua haijanyesha, hii ni nchi nyingine.

Maji ya jengo yanatoka kwenye kisima kirefu cha hapo hapo. Sabuni haitoi povu upesi, na birika la umeme lina ukoko mweupe chini ambao binti huukwangua kwa kijiko kila baada ya wiki chache. Ukoko huo ndio ungewaambia mapema mambo yote yaliyofuata, kama kungekuwa na mtu wa kuwasomea.

Yaliyotokea

Mwezi wa tano, mvua zilipokata, Bi. Z alinunua ndoo za rangi zilizotumika, za lita 20, akaziosha na kuzitoboa chini. Udongo aliupata kwa fundi wa jengo la jirani: udongo mwekundu uliochimbwa wakati wa kuweka msingi. Akauchanganya na samadi ya mbuzi, nusu kwa nusu. Akapanda nyanya, hoho, mchicha, chainizi, spinachi, giligilani, mnanaa, rosemari na mchaichai, akaongeza mche wa ndimu na miche ya stroberi aliyoagiza kwa mtu wa basi.

Mwezi wa kwanza ulimpa moyo. Mchicha na chainizi vilichumwa, picha zikatumwa kwenye kundi la familia. Kisha upepo wa Juni ukaingia. Majani ya nyanya yakaanza kujikunja, giligilani ikakauka ncha, na udongo kwenye ndoo ukawa unakauka juu kabla ya saa nne asubuhi. Bi. Z akafunga turubai la bluu kwenye reli nzima, juu hadi chini. Lilidumu siku chache. Usiku mmoja upepo uling'oa tundu za kamba mbili, turubai likapiga ndoo ya nyanya, nayo ikaanguka ndani ya kibaraza. Ingeangukia nje, kisa hiki kingekuwa cha namna nyingine.

Wakati huo huo jirani wa chini akapanda ngazi. Ni mzee mstaafu, mpole, na anaanika nguo zake kwenye kibaraza chake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Bustani yako nzuri, nimeiona kutoka chini. Lakini inaninyeshea mashuka."

Bi. Z aliona aibu. Siku hiyo hiyo akanunua visahani vya plastiki na kuviweka chini ya kila ndoo, akamwagiza binti apunguze maji: kikombe cha nusu lita asubuhi na kingine jioni kwa ndoo kubwa, lisidondoke tone. Maji yaliyobaki kwenye kisahani yarudishwe juu ya udongo. Binti alifuata maagizo barabara, kwa miezi minne.

Kufikia Septemba kingo za majani ya hoho zilikuwa za kahawia, zimekauka kama karatasi iliyopitiwa na moto. Majani mapya ya ndimu yalitoka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Stroberi zilikufa moja baada ya nyingine. Nyanya zilizofunga zilikuwa na doa jeusi lililobonyea chini ya tunda, kule kwenye kitako. Mtu mmoja akamwambia mimea haina chakula, akaongeza samadi. Mwingine akamwambia kuoza kitako ni ukosefu wa madini ya kalisi, akasaga maganda ya mayai na kuyamwaga. Oktoba joto lilipopanda, majani ya nyanya yakapata vidoadoa vyeupe vingi vidogo. Akaenda duka la pembejeo, akapewa dawa ya wadudu ya jumla, akapiga. Vidoadoa vikaongezeka.

Hapo ndipo nilipoitwa.

Nilichokikuta

Nilianza na uso wa udongo. Kwenye ndoo zote za muda mrefu kulikuwa na utando mweupe, mnene zaidi pembezoni, na pete nyeupe kwenye plastiki pale udongo ulipokuwa umeshuka. Ndani ya visahani, ukoko ule ule. Nikaomba kuona birika, na binti akacheka: hakuelewa birika lina uhusiano gani na hoho.

Nina kipimo cha mfukoni cha chumvi ya maji. Maji ya bomba yalisoma karibu desisiemensi 1.4 kwa mita; namba ikiwa kubwa, chumvi ni nyingi. Hayo ni maji ya kunywesha mimea mingi bila shida, ili mradi yapite. Kisha nikamwagia ndoo moja ya hoho taratibu hadi maji ya kwanza yakatoka chini, nikayapima. Yalizidi 9.

Hesabu yake inaeleweka hata bila maabara. Maji ya 1.4 hubeba takriban gramu 0.9 za madini yaliyoyeyuka kwa kila lita. Mmea unakunywa maji na kuacha sehemu kubwa ya madini nyuma, na jua linafanya vivyo hivyo. Ndoo iliyopewa lita moja kwa siku tangu Juni hadi mwisho wa Oktoba imepokea zaidi ya gramu 120 za madini, na kwa kuwa hakuna tone lililoruhusiwa kutoka, karibu zote ziko humo humo. Sehemu imeganda kama chokaa juu ya udongo. Iliyobaki imo kwenye maji yanayozunguka mizizi. Juu ya hayo kuna chumvi ya samadi ya zizini, nusu ya ndoo nzima, na nyongeza ya Septemba.

Mimea haivumilii chumvi kwa kiwango kimoja. Vipimo vinavyotumika duniani kote vya chumvi ya udongo vinaonyesha kwamba stroberi na maharage huanza kupungua mavuno ikifika desisiemensi 1 hivi, hoho 1.5, nyanya 2.5. Biti hufika 4, na spinachi yetu ya madukani, ile yenye bua nene jeupe, ni ndugu wa biti. Ukitazama kibaraza cha Bi. Z kwa orodha hiyo, mimea ilikuwa imekufa kwa foleni: stroberi kwanza, hoho ikafuata, nyanya ikayumba, spinachi ikabaki imesimama imara kana kwamba hakuna lililotokea.

Kitako cheusi cha nyanya nacho kilieleweka. Kalisi haikukosekana, maji yale magumu yamejaa kalisi, ndiyo iliyoganda kwenye birika. Iliyokosekana ni safari ya kalisi kufika kwenye tunda. Kalisi husafiri na maji ndani ya mmea, na mmea unaokauka saa nne, ukalowana jioni, huku chumvi ikiuzuia kuvuta maji, hupeleka kidogo kilichopo kwenye majani na kuliacha tunda. Maganda ya mayai hayakuwa na kazi pale.

Vidoadoa vyeupe vilikuwa vya utitiri mwekundu. Nilimpa binti kioo cha kukuzia, akageuza jani, akawaona wakitembea kwenye utando mwembamba karibu na mshipa. Utitiri hupenda joto, ukavu na vumbi, na mmea uliochoka. Dawa nyingi za jumla haziuui vizuri, lakini huua wadudu wanaoula, ndiyo maana baada ya kupiga hali ilizidi.

Kitu cha mwisho kilikuwa udongo wenyewe. Nilijaribu kuingiza kidole kwenye ndoo ya ndimu, hakikuingia. Udongo wa kuchimba msingi hauna mboji, na mwekundu wa huku ukikauka hugandamana kweli kweli. Waingereza waliujua huko Kongwa, si mbali na hapa, kwenye mradi wao wa karanga wa 1947 hadi 1951: ardhi ilikauka na kuwa ngumu kiasi kwamba kuchimbua karanga kukawa mateso, na mvua haikutosha. Kwenye ndoo ya lita 20 tatizo ni lile lile kwa udogo wake. Maji hupita pembeni kati ya udongo na plastiki, katikati panabaki pakavu.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi mgumu kuliko yote ulikuwa wa kumwaga maji. Nilipomwambia binti kwamba kila anapomwagilia, karibu sehemu moja ya tano ya maji ilipaswa kutoka chini na isirudi, alinitazama.

"Anko, Dodoma hii mtu anamwaga maji?"

Ana haki ya kuuliza. Amekua akiambiwa maji yasipotee, na katika jengo lao kuna siku bomba halitoi. Lakini maji yanayotoka chini ya ndoo ndiyo yanayobeba chumvi kuitoa. Ukiyazuia, umeigeuza ndoo kuwa ghala la chumvi. Tulichokubaliana ni kwamba yasipotee, ila yasirudi kwenye udongo: yakusanywe, yatumike kusukuma choo na kupigia deki.

Ili mzee wa chini asinyeshewe tena, fundi alipasua bomba la plastiki la inchi nne kwa urefu, akalilaza chini ya safu ya ndoo kwa mteremko mdogo, mwisho wake ukamwaga ndani ya dumu. Ndoo zikainuliwa juu ya vipande vya mbao. Visahani vyote vikaondolewa. Bi. Z alishuka na fungu la mchicha kumweleza mzee mpango huo kabla fundi hajaanza kupiga nyundo, na nadhani hatua hiyo ilifanya kazi kubwa kuliko bomba.

Kabla ya hapo ilibidi kutoa chumvi iliyokwisha kujaa. Ndoo zilizostahili kuokolewa zilibebwa moja moja hadi bafuni, zikawekwa juu ya matofali mawili, na kila moja ikamiminiwa maji taratibu, karibu mara mbili ya ujazo wake, kwa vipindi. Ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa hupita kilo 30, hivyo kazi hii si ya mtu mmoja. Maji ya kwanza yalitoka kahawia. Tulipima kila yalipotoka, na tuliacha yalipokaribia 3. Maji yaleyale ya kisima, yale yaliyoleta chumvi, ndiyo yaliyotumika kuitoa. Tofauti ni wingi na kupita.

Nyanya hatukuziokoa. Ziling'olewa na majani yake yakafungwa kwenye mfuko na kutupwa, kwa sababu ya utitiri. Bi. Z alitaka kuacha miwili yenye matunda mabichi. Nilikataa. Mimea miwili yenye utitiri Novemba, katika joto lile, ingewapelekea hoho wote. Hoho zenyewe zilioshwa kwa maji ya kunyunyiza kwa nguvu chini ya majani kila baada ya siku mbili tatu, na mara chache kwa maji yenye sabuni kidogo ya maji, jioni.

Kwa upepo, turubai likabadilishwa na neti ya kivuli ya nusu kwa nusu, iliyofungwa kwenye nondo kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno tu. Kizuizi kisichopitisha kitu huusukuma upepo juu yake, kisha unaanguka nyuma kwa kimbunga kidogo, na chenyewe kinavutwa kama tanga. Neti inayopitisha nusu ya upepo huupunguza bila kupigana nao. Mimea mirefu ikasogezwa ukutani, ambako pia ndiko sakafu ya kibaraza inapobeba uzito vizuri zaidi.

Udongo mpya uliochanganywa ulikuwa wa juu, wa shambani kwa ndugu wa mfanyakazi mwenzake, mchanga wa korongo uliooshwa kwa maji ya mvua ya kwanza, na samadi iliyooza mwaka mzima, si zaidi ya sehemu moja kwa tano. Juu ya kila ndoo yakatandazwa maganda ya karanga, ambayo huku yanapatikana bure msimu wa kubangua.

Matokeo

Mvua za Desemba zilisaidia kuliko chochote. Maji ya mvua karibu hayana chumvi, na safu ya nje ya ndoo ilikuwa ikilowa yenyewe upepo ulipopiga. Mlinzi wa jengo aliwaruhusu kuweka madumu chini ya bomba la paa. Paa la mita za mraba 50 hutoa karibu lita 1,000 kwa mvua ya milimita 20, na kwa kibaraza hayo ni maji mengi mno. Walichoka kubeba kabla ya madumu kwisha.

Mchicha, chainizi na giligilani vilikwenda vizuri moja kwa moja. Spinachi haikuwahi kusumbua. Rosemari na mchaichai vilisimama, mnanaa ulipona baada ya kuhamishiwa pembe yenye kivuli cha ukuta. Hoho nne kati ya saba zilitoa majani mapya safi na kufunga matunda madogo kuliko ya sokoni. Nyanya mpya zilipandwa Machi, na zilizoiva Juni zilikuwa na vitako safi isipokuwa chache za mwanzo. Utitiri ulirudi Septemba iliyofuata, lakini safari hii binti aliugundua kwenye majani matatu.

Stroberi hazikurudiwa.

Uchambuzi

Watu wengi wakisikia kisa hiki husema tatizo lilikuwa maji ya Dodoma. Sikubali. Maji ya 1.4 hunywesha mashamba mengi duniani. Kilichoharibu bustani ni mpangilio wa kijamii: malalamiko ya halali ya jirani, aibu ya halali ya Bi. Z, na adabu ya binti katika kutunza maji. Kila mmoja alifanya lililo jema, na jumla yake ikawa ndoo isiyo na mlango wa kutokea. Ndiyo maana sikuanza na mbolea wala dawa. Hakuna pembejeo ambayo ingetibu kisahani.

Ushauri wa samadi na maganda ya mayai haukuwa wa kijinga. Majani ya manjano kweli huweza kuwa njaa. Lakini njaa ya naitrojeni huanza na majani ya chini, ya zamani, na hugeuza jani zima. Ndimu ya Bi. Z ilianza na majani mapya, mishipa ikiwa kijani: hiyo ni dalili ya madini ya chuma yasiyopatikana, jambo la kawaida pale maji magumu yanapopandisha hali ya magadi (kinyume cha asidi) kwenye udongo. Kuangalia jani lipi limeanza kungezuia kosa la kuongeza chumvi juu ya chumvi.

Neti ilifanya kazi kuliko nilivyotarajia. Kukauka kwa udongo kulichelewa hadi mchana, na hilo peke yake lilipunguza maji yaliyohitajika, hivyo hata chumvi iliyoingia ikapungua. Kuosha ndoo bafuni kulifanikiwa pale udongo ulipokuwa bado unapitisha maji, kukashindwa kabisa pale ulipokuwa umegandamana. Maji yalipita pembeni na kipimo kilidanganya, kikionyesha nafuu ambayo katikati ya ndoo haikuwapo. Kwa udongo wa aina hiyo ni heri kuumwaga.

Kuna gharama pia ambayo haikupungua. Ukihesabu ndoo, neti, fundi, bomba na maji, nyanya za kibaraza hiki zina bei kubwa kuliko za soko la Majengo, na zitaendelea kuwa hivyo. Majani ya haraka ndiyo yanayolipa: mchicha na chainizi huvunwa baada ya wiki nne tano, kabla chumvi haijarundikana, na giligilani ya kuchuma saa moja jioni hainunuliki popote. Nilimshauri Bi. Z agawe kibaraza hivyo, robo tatu majani na viungo, robo moja hoho na nyanya kwa raha yake.

Lililobaki ni ndimu. Jamii ya ndimu na machungwa ni dhaifu kwa chumvi, mti wenyewe unakua, ndoo haikui, na udongo wake ni ule ule wa msingi. Nilipendekeza aupe mtu mwenye kiwanja, upandwe ardhini mvua zinapoanza. Bi. Z amekataa kwa sasa. Anasema mama yake ndiye aliyeotesha mbegu hiyo. Basi binti anaunywesha maji ya mvua tu, kutoka dumu lake peke yake, na madumu yakiisha mwezi wa nane tutaona.